Mguu Mmoja Bila Hina

Kwa miaka arobaini na moja, mwali wa mtaa wa Jara mjini Gabes alihesabiwa kuwa bibi harusi pale tu Lalla (yaani Bibi) Dhahbiya alipoketi mbele yake na bakuli la hina. Aliketi chini, juu ya ngozi ya kondoo, akauweka mguu wa mwali juu ya paja lake kama mtu anayempakata mtoto mchanga. Hakuwa na picha za kunakili. Alimtazama mwali, akamtazama mama yake mwali, kisha akaanza na kisigino. Hina yake ilitoka mashamba ya Shenini, akaichunga mara tatu kwa kitambaa cha hariri, na rangi yake ilikolea hadi kuwa nyeusi, ikakaa kwenye kucha miezi minne na zaidi. Wanawake waliohamia Ufaransa walikuwa wakivua viatu msikitini huko ugenini, na mwenzao wa Gabes akijua papo hapo: huu ni mkono wa Dhahbiya.

Alikuwa mjane wa Bashir Latrash, karani wa posta, mtu aliyefariki bila hata mmoja kuwa na neno baya juu yake. Dhahbiya alilea watoto wanne kwa bakuli lile la hina, na hakuna jirani aliyewahi kumsikia akilalamika. Hata alipokuwa akijifungua hawakumsikia. Jambo hilo lilisimuliwa kwenye ukoo kama wengine wanavyosimulia hati za mashamba.

Kwa hiyo mguu wake wa kulia ulipoanza kumsumbua, akiwa na miaka sitini na sita, hakumwambia mtu.

Maumivu yalikuwa na tabia yake. Akikaa, hayapo. Akitembea, yanamngoja mahali palepale: hatua kama mia mbili kutoka mlangoni kwake, shavu la mguu linakaza kama limefungwa kamba. Akisimama kidogo, kamba inalegea. Sasa, mwanamke wa heshima hasimami njiani bila sababu, basi Dhahbiya akatafuta sababu. Alisimama kwa muuza viungo akanusa giligilani. Alisimama kwa muuza vikapu akakagua ukindu, jani kwa jani. Majira ya kiangazi yalipokwisha, hatua zilipungua zikawa mia moja, na vituo vikaongezeka, na sokoni wakaanza kunong'ona kwamba Lalla Dhahbiya siku hizi amekuwa mgumu wa kununua. Muuza viungo mwenyewe alifurahi. Kila mara alimwuzia kitu, na kabati la jikoni likajaa giligilani ya kuwatosha watu wa harusi tatu.

Aliyegundua ni Najiba, mkamwana wake, mke wa mwanawe Mungi. Mungi alifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko jangwani na alikuja nyumbani wiki moja kila mwezi, hivyo mambo ya nyumba yalikuwa ya wanawake wawili hao. Asubuhi moja ya baridi Najiba aliingia na chai, akamkuta mama mkwe wake amelala huku mguu wa kulia ukining'inia nje ya kitanda, kidole gumba kina kidonda cheusi ukubwa wa punje ya dengu.

"Mama, hii nini?"

"Kiatu kimenibana."

"Kiatu gani? Unavaa kandambili tangu Ramadhani."

"Basi kandambili."

Najiba aliugusa mguu, akauachia haraka. "Baridi kama samaki! Na huu wa kushoto una joto. Mama, unalala hivi tangu lini?"

"Ukiuning'iniza unatulia," alisema Dhahbiya. "Funga mlango, mtaa mzima utasikia."

Wiki ile ile walikuwa hospitalini mjini Sfax, mbele ya Daktari Masmudi, bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu, mwanamume mfupi mwenye masharubu ya kijivu na tabia ya kuuliza maswali huku akiandika. Alikuwa amekwisha kuipiga picha mishipa yote ya miguu.

"Unavuta sigara, mama?"

Dhahbiya alijinyoosha. "Kwenye ukoo wetu mwanamke havuti sigara."

Najiba akatazama dari.

"Wewe dada, dari ina nini?"

"Nahesabu taa, daktari."

Daktari aliweka kalamu chini. "Na ugoro, mama?"

Kikopo cha ugoro kilikuwa ndani ya mkoba wake, cha shaba, zawadi ya marehemu Bashir.

"Ugoro si sigara," alisema Dhahbiya. "Wanawake wote wa umri wangu wananusa. Ni wa kichwa."

"Mguu wako haujui kwamba ni wa kichwa. Tumbaku ikipita puani inaishia kwenye damu ileile, na mishipa inabana vilevile. Tangu leo, basi. Nikikupasua halafu ukarudi kwenye kikopo, nitakuwa nimeshona bure."

Alichora mguu kwenye karatasi, akaupitishia mstari kutoka kinenani hadi chini ya goti, kisha akakikoleza kipande cha katikati kwa wino.

"Huu ni mshipa unaopeleka damu mguuni. Hapa umeziba. Ndiyo maana ukitembea shavu la mguu linauma, linaomba damu halipati. Sasa umefika mahali hata ukilala unauma, na kidonda hakiponi."

"Yaani mfereji umejaa mchanga," alisema Dhahbiya.

"Naam."

"Si mnauzibua?"

"Ungekuwa umeziba kidogo, ningeingiza kipira chembamba kwa ndani, nikakitanua, ukarudi nyumbani kesho yake. Wako umeziba urefu wa shibiri mbili."

"Basi mtachimba mwingine kando yake."

Daktari alimtazama Najiba, akamrudia mgonjwa wake. "Mama, nani amekufundisha?"

"Baba yangu alikuwa na zamu ya maji Shenini, kila Alhamisi. Mfereji ukishindikana, unachimba wa pembeni, unaungana na ule wa zamani mbele, palipo pazima. Hilo hata mbuzi wetu wanalijua. Swali langu ni moja: huo mpya mtaujenga kwa kitu gani?"

Daktari Masmudi alicheka. Alisema ataujenga kwa mshipa wake mwenyewe, ule unaopita chini ya ngozi upande wa ndani wa paja, ambao kazi yake ni kurudisha damu juu, na mguu unayo mingine ya kufanya kazi hiyo. Mshipa huo una vilango ndani vinavyofunguka upande mmoja tu, kwa hiyo lazima ugeuzwe juu chini ndipo damu ishuke. Kutakuwa na mikato mirefu, mmoja kinenani, mwingine pajani hadi chini ya goti, na kila mmoja utauma kwa namna yake.

"Sasa sikiliza mabaya yake," alisema, "maana sitaki useme sikukuambia. Unaweza kutoka damu. Kidonda cha kinenani kinaweza kuoza, ndipo mahali panapotoa jasho. Moyo wako nao unaweza kuchoka siku ile, ndiyo maana mwenzangu wa moyo atakupima kwanza. Na mfereji mpya unaweza kuziba, hasa siku za mwanzo. Ukiziba tusiwahi, mguu unakwenda."

"Na nisipopasuliwa?"

"Mguu unakwenda. Ni suala la miezi."

Dhahbiya aliitikia kwa kichwa. Mtu anayefanya kazi ameketi chini, goti moja limekunjwa, anahitaji miguu miwili kuliko hata mtembezi. "Andika siku," alisema.

Najiba ndiye aliyeandika maagizo kwenye daftari la shule la bintiye. Alete dawa zote anazotumia, hata za majani, hata punje za kitunguu saumu anazomeza asubuhi. Aoge kwa sabuni siku ya kuja na siku ya upasuaji. Asinyoe miguu wala asiinyonyoe nywele kwa sukari iliyopikwa, maana vijeraha vidogo vinaingiza uchafu, hospitali watapunguza nywele wenyewe. Asivae dhahabu. Asipake rangi ya kucha.

Aliyafuata yote, moja baada ya jingine, mpaka alipofika kwenye hilo la mwisho.

Alhamisi kabla ya safari, mchana, wanawake wa Jara walikuja kumuaga. Kati yao alikuwemo Shadliya, mpakaji hina wa mtaa wa Menzel, ambaye kwa miaka thelathini yeye na Dhahbiya walisalimiana kwa ncha za vidole. Waliwahi kunyang'anyana maharusi, na waliwahi kusemana. Shadliya aliingia na bakuli mkononi, limefunikwa.

"Wewe kizee," alisema, "utaingia Sfax na miguu mitupu kama mjane wa jana? Watu wa kule wataona Gabes imeishiwa hina."

Wanawake wakacheka. Lakini hapo palikuwa na jambo lisilochekesha. Kwao mwanamke hupakwa hina akienda Hija, akikaribia kujifungua, akiingia nyumba mpya. Miguu mitupu ni ya matanga. Kwenda kulala chini ya kisu na miguu ya matanga ni kama kujitangulizia msiba.

Najiba alifungua daftari. "Mama, wamesema hakuna rangi ya kucha."

"Rangi ya kucha ni ile ya chupa," alisema Shadliya. "Ya madukani."

"Hina ni jani," alisema mwingine.

"Mtume aliipenda," alisema wa tatu, na hapo hoja ikafungwa.

Dhahbiya mwenyewe ndiye aliyemaliza: "Mimi nimesoma daftari hilo mara nne. Hina haimo." Akanyoosha miguu.

Ieleweke kwamba haukuwa ushamba. Ilikuwa ni heshima, na ilikuwa ni suluhu. Shadliya alipaka saa tatu bila kuinua kichwa. Alipaka nyayo, akapaka vidole hadi kucha, akapandisha michoro juu ya mguu mpaka kwenye vifundo, vitone na matawi ya mtende, akakizunguka kile kidonda kwa uangalifu kama mtu anayezunguka kaburi. Dhahbiya, ambaye hakuwahi kumsifu, aliitazama kazi ile kwa muda mrefu. "Mkono wako ulikuwa mzuri siku zote," alisema. "Nilikuwa najua." Shadliya alitoka kwenda kuosha bakuli ambalo alikuwa ameshaliosha.

Hospitalini, muuguzi wa wodi alikuwa dada mnene mchangamfu, jina lake Sabiha. Alimvua Dhahbiya soksi, akabaki ameshika soksi hewani.

"Ya Rabi! Mama, nani kakufanyia hivi?"

"Shadliya wa Menzel."

"Unapasuliwa kesho au unaolewa?"

"Mwanaume yupo?" aliuliza Dhahbiya, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka.

Sabiha naye alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Alileta limau na mafuta, akasugua mpaka mikono ikamuuma. Hina ya Gabes haikumsikia. Alibana kifaa kidogo cha kupima hewa iliyomo kwenye damu kwenye kidole cha mguu, nacho kikawaka, kikazima, kikakataa kutoa namba. Akaenda kumwita daktari.

Daktari Masmudi alisimama miguuni mwa kitanda. Alibonyeza ukucha mmoja, akauachia. Hakuna kilichobadilika. Ulikuwa mweusi, ukabaki mweusi.

"Nikikubonyeza ukucha, Lalla, unatakiwa uwe mweupe, kisha urudi kuwa waridi nikiwa nahesabu moja, mbili. Hivyo ndivyo tunavyojua maji yanapita mferejini. Kesho nikimaliza, wauguzi watautazama mguu huu kila saa. Mguu wa mtu mwingine, Sabiha akipita tu mlangoni anaona: ni waridi, au umekuwa mweupe kama karatasi, au wa buluu. Wako umeuvalisha soksi."

Dhahbiya alihisi uso wake ukiwaka. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hina imeharibu kitu.

"Nitarudi itakapotoka," alisema.

"Kwenye kucha itatoka baada ya miezi minne. Kidole chako hakina hata miwili." Akavuta kiti, akaketi, jambo ambalo Sabiha alisema baadaye hajaliona tangu aanze kazi pale. "Tutapasua kesho. Tutaugusa kuupima joto, na tuna kifaa cha kusikiliza damu. Lakini kati ya saa na saa, rangi utakuwa wewe. Umenielewa? Maumivu ya mshono ni halali yake, hayo utayapata. Mimi nataka habari ya vitu vitatu. Mguu ukipoa ghafla. Vidole vikifa ganzi au vikikataa kucheza. Au maumivu mapya chini huku, makali, yasiyo ya mshono. Kimojawapo kikija, unaita. Hata kama nakula. Hata kama una wageni."

"Daktari, mimi sijui kupiga kelele. Nimezaa wanne na jirani hakusikia."

"Basi Lalla, umri huu ndio wa kujifunza."

Alipasuliwa Jumanne, saa tano. Alipozinduka mchana, koo kavu, jambo la kwanza alilolijua ni kwamba paja lote linawaka moto. La pili lilimfanya afumbe macho tena: kidole gumba kilikuwa na joto. Sabiha alimpaka mafuta baridi juu ya mguu, akagusisha kile kifaa cha kusikiliza damu, na ndani ya chumba ikasikika sauti ya msukumo, shwa, shwa, shwa, kama kizuizi kimeondolewa na maji ya Alhamisi yameingia shambani.

"Unasikia, mama?" aliuliza Najiba, huku analia.

"Nasikia. Nyamaza, watu watadhani nimekufa."

Siku ile ilikwenda vizuri, na asubuhi ya pili alisimamishwa, akapiga hatua nne akishika kiti. Mguu ulianza kuvimba, wakamwambia ni kawaida, utavimba majuma kadhaa, auinue akikaa. Ukaguzi ukawa kila baada ya saa nne.

Saa saba mchana, wakati wa wageni, mlango ulifunguliwa akaingia Bi Fawziya na dada zake wawili.

Huyo alikuwa mama wa kijana aliyemposa Yusra, binti ya Najiba. Harusi ilikuwa imepangwa kiangazi. Dhahbiya alikuwa ameagiza kwamba upande ule wasiambiwe habari ya mguu, kwa sababu watu wakisikia maradhi ya damu huanza kuhesabu vizazi. Wameambiwa na nani, hakujulikana. Walikuja na machungwa, na sufuria ya supu ya shayiri, na macho makini.

Dhahbiya alijiweka wima. Akaikaza skafu.

"Mkwe wetu, umetuficha!" alisema Bi Fawziya, akimbusu mashavu yote mawili. "Tumesikia kwa watu."

"Ni mguu tu. Umechoka kunipeleka kwenye harusi za watoto wa watu."

"Pole, pole. Na haya mambo ya mishipa," alisema dada mtu mmoja, akimenya chungwa, "nasikia yanatembea kwenye ukoo?"

"Yanatembea kwenye tumbaku," alisema Najiba haraka. Dhahbiya akamkata jicho.

Mazungumzo yakaendelea. Zikasemwa habari za ukumbi, za mpishi, za vitambaa. Na ndani ya mazungumzo hayo, mahali fulani kati ya mpishi na vitambaa, kidole gumba kikapoa.

Mwanzoni alidhani ni upepo wa dirishani. Kisha ubaridi ukapanda kwenye wayo. Kisha vidole vikatoweka. Alivitafuta kwa akili, hakuvipata. Aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini, na wageni wanaondoka saa nane. Akajiambia: dakika arobaini, nitavumilia, nimevumilia makubwa zaidi.

Sabiha akachungulia mlangoni. Akatupa jicho kwenye mguu, ukawa vilevile, mweusi kwa matawi na vitone.

"Sawa, mama?"

"Sawa, alhamdulilahi."

Sabiha akapita.

"Mashallah," alisema Bi Fawziya, akilisogeza shuka kidogo. "Hina hii! Nani kapaka?"

Wote wakainama kuitazama. Dhahbiya naye akaitazama. Alijaribu kukichezesha kidole gumba mbele ya macho yao. Hakikucheza. Mtende wa Shadliya ulikuwa palepale, umechorwa jani kwa jani, mzuri kabisa, na chini yake mguu ulikuwa unakufa bila mtu hata mmoja chumbani kuona chochote. Hata yeye asingeona. Ndipo akaelewa alichokuwa akiambiwa na yule mtu mfupi kwenye kiti.

"Najiba," alisema. "Mwite Sabiha."

"Mama, amepita sasa hivi, akirudi nita—"

Dhahbiya alijaza kifua hewa.

"Sabihaaa! Mguu wangu umekufa! Njooni! Njooni, mguu wangu unakufa!"

Ilikuwa sauti ambayo hakuwa anajua kwamba anayo. Chungwa lilimdondoka yule dada. Mgonjwa wa chumba cha tatu alisema baadaye kwamba alidhani kuna moto. Sabiha aliingia akikimbia, akaukamata mguu kwa mikono miwili, akaweka kifaa chake. Kifaa kilikoroma tu. Hakuna shwa.

Daktari Masmudi alifika na chembe za mkate kwenye koti.

"Tangu lini, Lalla?"

Wageni wote wanamtazama. Najiba anamtazama. "Tangu robo saa," alisema. "Kaniuliza Sabiha nikamdanganya. Kwa sababu ya wageni."

"Sasa umesema kweli. Twende."

Kitanda kilisukumwa mbiombio. Daktari hakuficha mambo hata walipokuwa wanakimbia: damu imeganda ndani ya mfereji mpya, ataufungua, ataitoa, ataangalia kilichoileta. Kila saa inayopita bila damu inaondoka na kipande cha mguu, lakini hii ilikuwa haijatimia hata moja.

Huko nje, kwenye benchi la ukumbi, Najiba alikaa ameinamisha kichwa kwa aibu na kwa hofu, hajui ipi kubwa. Alingoja Bi Fawziya aage. Bi Fawziya hakuaga. Aliwarudisha dada zake nyumbani kwa basi, akarudi kuketi karibu naye, akammiminia supu kwenye kifuniko cha sufuria.

"Kunywa, mwanangu. Mimi baba yangu alinyamaza," alisema. "Mguu ulipoa Ijumaa, akasema wageni wataondoka kesho. Tulimzika baada ya mwaka, bila mguu." Akapangusa kifuniko kwa leso. "Nyumba yenye mwanamke anayejua kupiga kelele ni nyumba ya kuingizia kijana wako."

Mshipa ulikuwa umejipinda kidogo mahali fulani karibu na goti, damu ikazubaa hapo ikaganda. Daktari aliisafisha, akaunyoosha, akashona upya. Jua lilipokuwa linashuka, Dhahbiya alifumbua macho akasikia shwa, shwa, shwa, kabla hajaona mtu.

Kule Jara walisema mengi, kama kawaida yao. Walisema Shadliya alimroga kwa hina kwa ajili ya maharusi wa zamani. Ni uongo, na anayeurudia anawakosea heshima wanawake wawili kwa mpigo. Shadliya ndiye aliyekuja kila asubuhi kumsafishia mshono wa kinenani na kuukausha kwa kitambaa safi, kama walivyoagizwa, na ndiye aliyemsindikiza matembezi yake: mara ya kwanza hadi mlangoni, kisha hadi kisimani, kisha, mwezi wa tatu, hadi sokoni moja kwa moja. Mguu ulivimba jioni, ukapungua asubuhi. Kidonda cha kidole kikafunga polepole. Kikopo cha shaba kilirudi mkobani, lakini ndani yake sasa kuna vidonge vidogo vya kuzuia damu isigande, kimoja kila siku, vya maisha. Muuza viungo peke yake ndiye aliyepata hasara.

"Lalla, mbona siku hizi unapita tu?" alimpigia kelele. "Giligilani imekukosea nini?"

"Ninayo ya kukuuzia wewe!" alijibu, bila kusimama.

Kiangazi, siku ya hina ya Yusra, nyumba ilijaa. Dhahbiya hakuweza tena kukaa chini goti limekunjwa, daktari alimkataza. Basi aliketi juu ya kiti kifupi, mguu wa mwali akauweka juu ya mto, na mkono wake ukawa uleule. Alipomaliza, Shadliya akaja na bakuli lake mwenyewe, akapiga goti mbele yake.

"Zamu ya bibi wa mwali."

Dhahbiya akanyoosha mguu wa kushoto. Shadliya akaupaka hadi kifundoni. Kisha akashika wa kulia, na Dhahbiya akaurudisha nyuma taratibu chini ya gauni.

"Huo acha."

"Mmoja mweusi mmoja mtupu? Watu watasema nini?"

"Waje waniulize."

Wakaja kuuliza. Wa kwanza alikuwa yule dada wa chungwa, kwa sauti ya chini, nyuma ya mlango, kwa sababu mumewe siku hizi anasimama kila baada ya maduka matatu na anasema anatazama bei. Dhahbiya alimkalisha karibu yake, dirishani, penye mwanga. Akapandisha pindo la gauni, akavua kiatu, akabonyeza ukucha wa kidole gumba, ambao sasa ulikuwa umeota msafi wote. Ukucha ukawa mweupe.

"Hesabu," alisema.

"Moja," alisema yule dada. "Mb—"

Ulikuwa umekwisha kurudi kuwa waridi.